Nani Amemwua Mtoto Wetu?

Mgeni akifika Newala mjini, wenyeji hawakawii kumpeleka kutazama Shimo la Mungu. Hapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafula, na chini yake linafunguka bonde kubwa linaloteremka mpaka mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Asubuhi na mapema bonde lote huwa limejaa ukungu, na mtu aliyesimama ukingoni haoni mwisho wake. Mzee aliyenipeleka mimi aliniuliza, "Unaogopa, mwanangu?" Nikamjibu, "Naogopa kidogo, baba." Akacheka. "Nasi tuliozaliwa hapa tunaogopa. Lakini mama zetu walikuwa wakishuka huko kufuata maji, kisha wakarudi."

Alisema kweli. Ardhi ya juu ni mchanga, mvua ikinyesha maji hudidimia mara moja. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake wa Newala walitoka usiku, wakashuka magenge, wakapanda tena na mtungi kichwani, na jua likawakuta wangali njiani. Hata siku hizi bomba likikauka, ndoo moja ya maji ni mali. Nawaombeni wasomaji mkumbuke habari hii ya maji, maana tutairudia.

Wiki ile ile nilikaa matangani katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo. Jina la kijiji na majina ya watu nayaacha, kwa sababu wenyewe wangali hai na wanapaswa kuishi pamoja.

Aliyekufa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkulima wa korosho, hajaoa bado. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, korosho zimeanza kuanguka. Jumatatu homa ikamshika. Jumatano alikuwa akiweweseka. Ijumaa alfajiri wakampakia nyuma ya pikipiki, katikati ya dereva na ndugu yake aliyemshika kiunoni, wakaelekea hospitali. Hawakufika. Ndugu yake alisikia mwili umelegea, akamwambia dereva asimame, wakamlaza kando ya njia chini ya mkorosho. Ndipo alipokata roho. Korosho zake mwenyewe zilikuwa bado chini shambani, hakuna wa kuziokota.

Kijana alizikwa Jumamosi. Padre alikuwa mbali, katika vigango vya upande mwingine, basi mwalimu wa dini ndiye aliyeongoza sala za maziko, kama ilivyo desturi yetu vijijini.

Usiku wa siku ya pili ya matanga, mjomba wa marehemu alisimama. Wasomaji wengine huenda hamjui uzito wa neno hilo kwa Wamakonde. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni kaka wa mama yake. Baba humzaa, lakini mjomba ndiye anayeulizwa habari za ndoa, ugonjwa na maziko. Akisimama mjomba watu hunyamaza. Naye hakusema maneno mengi. Alisema, "Nani amemwua mtoto wetu?"

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Macho ndiyo yaliyojibu. Yalitembea polepole juu ya mikeka mpaka yakafika kwenye pembe ya baraza, alipokaa bibi mmoja amejifunga kanga mbili. Huyu ni shangazi ya marehemu, dada wa baba yake, mjane. Si mtu wa ukoo ule. Macho yake ni mekundu, na mtu awaye yote aliyepika kwa kuni miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho ya namna hiyo. Lakini watu wakakumbuka kwamba mwaka uliopita aligombana na kijana juu ya mkorosho mmoja ulio mpakani. Wakakumbuka tena kwamba Jumapili, siku moja kabla ya homa, alimpa kijana muhogo wa kuchoma. Nani asiyejua jinsi mambo hayo yanavyopangwa? Jambo dogo huwekwa juu ya jambo dogo, na mwisho ajuza amekuwa mchawi.

Mjomba alikwisha kuchangisha fedha. Watu wawili walikuwa tayari kuvuka Ruvuma asubuhi, kwenda kwa mpiga ramli.

Nasimama hapa kidogo niseme neno langu. Sheria ya Uchawi, iliyowekwa mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, nayo ni sheria njema. Lakini sheria haikai matangani. Polisi hawasikii macho yanapotembea. Na ajuza aliyekwisha kutajwa, hata asipopigwa, hata nyumba yake isipochomwa, atakuwa amekufa akiwa hai: hakuna atakayempa moto, hakuna mtoto atakayetumwa kwake, na siku atakapougua hakuna atakayemwuliza hali. Katika nchi yetu wako ajuza waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Basi yaliyokuwa yakiamuliwa usiku ule hayakuwa maneno matupu. Ilikuwa ni maisha ya mtu.

Mimi sipendi kuwacheka wazee wetu wa kale. Mmakonde hakungoja mmisionari aje kumwambia kwamba mtu akifa hajaisha. Alijua zamani. Mwenye taabu alichukua unga, akaenda chini ya mti, akaumimina kidogo kidogo huku akiwataja waliomtangulia kwa majina. Hakika huo ulikuwa ukumbusho mzuri wa wazazi. Ukikitazama kile kinyago cha Kimakonde ambacho watu wengi wamepandana, mmoja amemchukua mwenzake mabegani mpaka juu, unaona mawazo yale yale: sisi tumesimama juu ya waliotangulia. Tunaposema katika Kanuni ya Imani kwamba tunasadiki ushirika wa watakatifu, mtu wa Newala hapaswi kuona ugeni.

Lakini kulikuwa na shida moja. Wafu walijulikana kuwa wapo, ila haikujulikana wanakwenda wapi. Walikaa karibu, wakikasirika na kutulia, wakidai unga wao. Na kifo chenyewe hakikuwa na maana yo yote isipokuwa hila ya mtu. Mzee sana akifa, vyema, siku zake zimetimia. Kijana akifa, lazima yuko aliyemkatiza. Mawazo hayo hayakuondoka kwa kubatizwa tu. Wengi wetu tunakwenda Misa asubuhi na jioni tunauliza swali la mjomba.

Sasa turudi barazani. Mama wa marehemu, ambaye tangu Ijumaa hakuwa amesema neno, aliinua kichwa. Akasema, "Kaka, nakuomba Mwalimu aseme kwanza. Kisha utaamua wewe."

Mwalimu wa dini wa kigango kile ni mzee mwembamba, mwenye sauti ndogo. Hakuanza kuhubiri. Alimgeukia mjomba akasema, "Mzee, swali lako ni kubwa. Nami nina langu, nalo ni dogo. Mtoto huyu aliumbwa kwa ajili gani?"

Mjomba akanyamaza. Sote tulijifunza jibu la swali hilo tulipokuwa wadogo, kabla ya Komunyo ya kwanza: kwamba Mungu alituumba tupate kumjua, kumpenda na kumtumikia hapa duniani, na baadaye kukaa naye milele. Tulilisema kwa kuimba, watoto thelathini pamoja, huku tukiwaza kwenda kucheza.

"Kama mtoto huyu aliumbwa ili aokote korosho, aoe, ajenge nyumba ya bati, basi," akasema Mwalimu, "amekatizwa njiani, na sisi tunayo haki ya kumtafuta aliyemkatiza. Lakini kama aliumbwa ili afike kwa Mungu, hakuna mtu duniani, mchawi au asiye mchawi, awezaye kumkatizia njia hiyo. Ni yeye mwenyewe tu angeweza kuikata, kwa dhambi yake. Na huyu namjua. Pasaka aliungama, akapokea. Jumapili iliyopita alisimama pale nyuma, amechelewa kama kawaida yake, lakini alikuwapo."

Watu wachache wakatabasamu katika giza. Ni kweli alikuwa akichelewa.

Mjomba akasema, "Mwalimu, unataka tusilie?"

"Tulie, Mzee! Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua kwamba saa ile ile atamfufua. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Mwenye tumaini hulia akamaliza. Asiye na tumaini halii akamaliza, hutafuta mtu wa kulipa."

Hapo mjomba akakasirika. "Maneno hayo ni mazuri kwa kanisani. Wako vijana wengi hapa kijijini. Mbona homa imemchagua huyu?"

Mwalimu hakumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilimshukuru kwa hilo, maana mara nyingi tunalitupa neno hilo juu ya msiba kama mtu anayefunika sufuria asione kilichomo. Alimjibu kwa swali jingine, na sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. "Mzee, homa ilianza siku gani?"

"Jumatatu."

"Na pikipiki iliitwa lini?"

Watu wote wakatazama chini. Katika nyumba ile kila mtu alijua. Jumatatu ile ile mama alitaka mtoto apelekwe hospitali. Mjomba ndiye aliyesema wangoje, watumie kwanza dawa ya mizizi, maana fedha za korosho hazijalipwa na hospitali ni gharama. Siku nne. Malaria kali haingoji siku nne, na kila mwuguzi atawaambieni hivyo: mtu anayeweweseka kwa homa ni mtu wa kukimbizwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilidhani sasa mambo yameharibika kabisa. Mwanamume mzima, mkubwa wa ukoo, ameaibishwa mbele ya watu. Kumbe mama alikuwa ameinuka. Alikwenda akaketi mkekani karibu na kaka yake, akamwambia maneno ambayo nitayakumbuka mpaka siku yangu ya kufa. Alisema, "Kaka, mimi sikulaumu. Ulimpenda. Ulifikiri utampona kwa dawa ya baba yetu, kama ulivyopona wewe. Simtafuti mwuaji. Nikimtafuta nitakukuta wewe, na nikikukuta wewe nitakuwa nimepoteza watu wawili. Mtoto wangu ninajua aliko. Wewe nataka ubaki hapa nyumbani."

Mjomba hakujibu. Alijifunika uso kwa shati lake. Watu wawili wale hawakuvuka Ruvuma asubuhi.

Wasomaji, nimekaa katika mahubiri mengi, na mengine nimeyasahau kabla ya kutoka mlangoni. Lakini usiku ule nilielewa jambo ambalo nilikuwa nikilisema tu. Sisi hufikiri kwamba tumaini la uzima wa milele ni kitu cha mwisho, cha kumpa mgonjwa pamoja na mpako mtakatifu, kama mtu anavyowekewa mkate wa safari. La, ni kitu cha kazi. Mama yule alilitumia usiku ule kama jembe. Kama angalifikiri kwamba mwanawe amekwisha, angekuwa na haki ya kudai damu ya mtu. Kwa kuwa alisadiki kwamba yuko, aliweza kumwacha shangazi na macho yake mekundu, na tena aliweza kumsamehe yule ambaye kosa lake lilikuwa la kweli. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Na watu wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mwezi Julai 1905, vita ya Majimaji ilipoanza, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwapa watu maji ya dawa, akisema kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Watu walikuwa na sababu za kukasirika: walilazimishwa kulima pamba, walipigwa, walitozwa kodi. Wala hawakuwa wajinga kutaka dawa ya kuwaepusha na kifo. Nani asiyeitaka? Lakini risasi hazikugeuka. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita haijaenea. Wanahistoria wanakisia waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata kuwa kuanzia 75,000 mpaka 300,000. Hao ni babu na bibi zetu, na wengi hata kaburi hawakupata.

Siku kumi baada ya kunyongwa kwa Kinjikitile, tarehe 14 Agosti, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Askofu Cassian Spiss aliuawa mahali paitwapo Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Alikuwa Mbenedikto, mwenyeji wa Tyrol, umri wake haujafika miaka arobaini. Alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda misioni ya Peramiho. Pamoja naye walikufa Mabruda wawili, Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen, na Masista wawili Wabenedikto, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Mwezi huo huo misioni ya Lukuledi na ya Nyangao ziliharibiwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao akapotea maisha katika kukimbia.

Jambo ninalotaka mlitazame ni lile lililofuata. Watu wasio na tumaini wangalifunga mizigo yao wakarudi kwao, au wangalikaa kudai kisasi. Mwaka uliofuata, 1906, ndugu zao walianzisha misioni ya Ndanda. Hapo ndipo palipokuja kuwa na abasia, shule, kiwanda cha uchapaji, na hospitali ambayo watu wa Masasi, Newala na Lindi wameiendea tangu zamani za babu zao. Mjukuu wa mtu aliyepigana Majimaji alizaliwa mikononi mwa Sista wa shirika lile lile la Felicitas na Cordula. Hawakuuliza ni ukoo gani uliowaua wenzao. Maji waliyokuwa nayo hao ni yale ya ubatizo, na maji hayo hayazuii risasi, yalikuwa hayajapata kuahidi hivyo hata siku moja.

Imekuwa pia desturi yetu kuwaombea wafu wote pamoja, hata wasio na kaburi. Sikukuu ya tarehe 2 Novemba ililetwa na Mbenedikto mwingine, Abate Odilo wa Cluny huko Ufaransa, kwenye mwaka 998 hivi. Alitaka nyumba zote zilizo chini yake zifanye siku moja kwa ajili ya marehemu wote, si wa ukoo wao tu. Na mwaka 1915, katikati ya vita kuu ya kwanza, Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadre wa dunia nzima kusoma Misa tatu siku hiyo, kwa sababu wafu walikuwa wengi mno. Miaka miwili baadaye vita hiyo ilifika kwetu. Huko Mahiwa, karibu na Nyangao, watu walipigana kwa siku nne za Oktoba 1917, na askari Waafrika wa pande zote mbili, pamoja na wapagazi wao, wamelala katika mchanga ule. Nani anayewataja kwa majina? Padre wa kijijini akivaa kasula ya Misa ya wafu tarehe 2 Novemba, anawataja.

Mwaka ule niliokaa Newala, Novemba 2 iliangukia ndani ya matanga yetu. Padre alifika. Mama wa marehemu alimngoja nje ya kikanisa na swali lililokuwa likimsumbua kuliko yote, ambalo hakulisema barazani: mtoto wake amekufa njiani, bila padre, bila mpako. Je, amepotea?

Padre alikuwa kijana, vumbi la pikipiki limemjaa usoni. Alimwambia, "Mama, Mungu hakufungwa na njia yetu mbovu. Sakramenti ni zawadi, si kamba ya kumfunga aliyezitoa. Wewe mwombee, nami nitamwombea, na tutamtolea Misa hii." Akamkumbusha kwamba tangu tarehe 1 mpaka 8 Novemba, Mkristo aliyeungama na kupokea Komunyo, akaenda makaburini kuwaombea wafu na kuomba kwa nia za Baba Mtakatifu, aweza kuwapatia marehemu rehema kamili. Mama alikwenda kaburini siku zote zilizobaki. Alipita kwanza katika shamba la mwanawe, akaokota korosho, kisha akaenda kusali na kikapu chake kichwani. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sala nzima, korosho na rozari pamoja.

Labda msomaji atasema, hayo ni ya watu wadogo, wakubwa wana njia nyingine. Haya, tutazame Lupaso. Ni kijiji si mbali na Masasi. Hapo tarehe 12 Novemba 1938 alizaliwa Benjamin William Mkapa, Mkatoliki, aliyesoma Ndanda, akaja kuwa Rais wa tatu wa Tanzania tangu 1995 mpaka 2005. Daraja la Rufiji lililotufungulia njia ya Dar es Salaam mwaka 2003 lina jina lake. Alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019, alikipa jina lenye habari ya kusudi la maisha. Na humo hakuandika sifa zake tu. Alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yamebaki doa katika uongozi wake. Mimi sikuandika haya ili kumhukumu wala kumtangaza mtakatifu, hiyo si kazi ya mwandishi wa gazeti. Ninasema tu kwamba mzee wa miaka themanini na moja, ambaye hakuna aliyemlazimisha, alikaa chini akahesabu, kama mtu anayejua kwamba iko hesabu nyingine mbele. Alikufa tarehe 24 Julai 2020, hata mwaka haujatimia tangu kitabu kitoke. Wangeweza kumzika mjini kwa fahari. Tarehe 29 walimleta Lupaso, wakamlaza katika udongo wa nyumbani, na Misa ikasomwa juu yake kwa sala zile zile alizosomewa kijana wetu wa Newala chini ya mikorosho, ila hapo palikuwa na mizinga.

Nilirudi kijijini siku ya arobaini. Ilikuwa mwanzo wa Desemba, mvua hazijashika, na bomba la kijiji lilikuwa kavu wiki ya pili. Watu walikuwa wamekusanyika kuweka msalaba mpya kaburini. Msalaba ulichongwa na mjomba mwenyewe, wa mpingo, kazi nzuri. Niliambiwa kwamba tangu matanga hajakosa sala za Jumapili, ingawa hasemi na mtu, na kwamba mtoto wa jirani aliposhikwa na homa mwezi Novemba, ni yeye aliyekwenda kuamsha mwenye pikipiki saa nane za usiku na kulipa kwa fedha yake. Mtoto yule alikuwapo siku ile, akikimbia-kimbia kati ya makaburi mpaka akakemewa.

Mwalimu alikuwa amekwisha kufungua kitabu cha sala tulipomwona shangazi akija kwa njia ya bondeni. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, imejaa mpaka juu, imefunikwa majani isimwagike. Alitoka usiku, peke yake, kwa umri ule. Alisema maji hayo ni ya kukandia udongo wa msalaba, na yakibaki watu wanywe.

Watu walisimama wakitazama. Mjomba akaweka jembe chini, akaenda kumpokea shangazi ile ndoo, akaitua kwa mikono miwili. Akamwambia, "Pole kwa njia, shangazi." Naye akajibu, "Nimekwisha kupoa, baba." Kisha Mwalimu akaanza sala.